Madoa Hakuwa kwenye Joto

"Rudia."

"Nimesharudia, Prof."

"Rudia tena."

"Nimerudia mpaka macho yanauma. Jibu ni lile lile."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa na kuinamia kompyuta yangu. Mama yule alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na uchovu wake alikuwa haufichi tena.

"Huyu ni nani?"

"Madoa."

"Kichupa chake kimeandikwa alikuwa kwenye hali gani?"

"Kwenye joto. Siku yenyewe ya joto."

"Basi mmoja kati yao ni mwongo," alisema. "Kichupa au Madoa. Na mimi sijawahi kuona mfuko wa uzazi ukidanganya."

Akaondoka akiburuta viatu. Nikabaki naikodolea macho ile picha ya rangi kwenye kompyuta kama mtu aliyeletewa barua ya talaka kwa lugha asiyoijua.

Ngoja nieleze kidogo kazi yetu, maana bila hiyo mkasa huu hautaeleweka. Ng'ombe jike asiye na mimba mwili wake unazunguka. Zipo siku anaingia kwenye joto, wenzake wanampanda naye anasimama ametulia. Joto likipoa, yai linatoka, na mfuko wa uzazi unaanza kujiandaa kama mwenye nyumba anayetandika kitanda cha mgeni. Mgeni asipofika, kitanda kinatanduliwa, mzunguko unaanza upya. Na katika kila hatua kuna jeni zinazoamka na jeni zinazolala. Mimi nilikuwa nachukua kipande cha ngozi ya ndani ya mfuko huo, kidogo kuliko punje ya mchele, kwa chombo chembamba, bila kumchinja mnyama. Nakigandisha kwenye kichupa chenye jina la ng'ombe na hali yake, halafu naangalia jeni gani zimeamka. Tulitaka kujua kwa nini ng'ombe wengi wanapandishwa na mimba haishiki.

Sasa yote hayo yalisimama juu ya mtu mmoja: wa kukaa zizini asubuhi na jioni, kuangalia nani ameingia kwenye joto. Yeye akikosea, na mimi nimekosea.

Mtu huyo alikuwa mchumba wangu.

Watu walimwita Kimya, kwa sababu kumtoa neno ilikuwa sawa na kumkamua fahali. Alikuwa amefiwa na mkewe. Mimi nilikuwa nimeachika, tena nimeachika vibaya, kwa mwanaume aliyekuwa na maneno matamu mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo nilipokutana na mtu asiye na maneno, nikasema Mungu amenikumbuka. Tulipendana nyuma ya ng'ombe: yeye ameshika mkia, mimi mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Siku moja, ng'ombe akiwa bado amesimama katikati yetu, akasema, "Nikikuomba tuoane utanicheka?" Nikacheka, halafu nikakubali.

Harusi ilikuwa imekaribia. Nguo ilikuwa kwa fundi.

Nilipokagua vizuri, niliona si Madoa peke yake. Alikuwepo Pembemoja, na yule mweusi mkorofi tuliyemwita Bi Mkubwa. Vichupa vyao vilisema joto; jeni zilizoamka zilikuwa za siku za utulivu, zile za kutandika kitanda. Nikapima damu tuliyokuwa tumeihifadhi siku hizo hizo. Homoni ikasema yale yale.

Nikakumbuka jambo. Asubuhi niliyochukua sampuli ya Madoa, chombo kiligoma kupita. Mlango wa uzazi ulikuwa umekaza, na ng'ombe wa joto mlango wake huwa umelegea. Nikaulaumu mkono wangu. Nilikuwa tayari kuushuku mkono wangu mwenyewe kuliko neno la Kimya.

Kisha nikaona kingine. Ng'ombe wote wenye kasoro waliandikwa kuwa walionekana jioni. Wa asubuhi hawakuwa na tatizo hata mmoja.

Jioni ile ile nikampigia simu. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na mwanamke.

"Haloo?"

Nikatazama jina kwenye simu. Ni lake.

"Haloo... nampata Kimya?"

"Yuko bafuni. Nimwambie nani?"

Nikakata.

Nilikaa pale kwenye stuli ya maabara sina hata nguvu ya kukasirika. Mtu ukishaachwa mara moja, mara ya pili hulii haraka. Unachoka tu. Unasema, kumbe ni hivi tena.

Baada ya muda ujumbe ukaingia.

"Samahani mpenzi, nilikuwa mbali na simu. Niko zizini, mtandao unasumbua. Naona Bi Mkubwa ameanza dalili. Nakupenda."

Zizi lilikuwa nyuma ya maabara, ng'ambo ya uwanja wa majani. Nikavaa buti, nikatoka. Ng'ombe walikuwa wamelala wanacheua. Bi Mkubwa alinitazama, akageuza shingo, akaendelea na cheuo chake. Hakukuwa na dalili yoyote, wala binadamu yeyote. Ndoo imefunikwa kifudifudi, taa haijawashwa.

Nikaandika: "Niko zizini mimi. Wewe uko zizi gani?"

Hakujibu. Alikuja mwenyewe, anatembea haraka, shati limelowa kifuani. Aliponiona nimekaa juu ya ile ndoo akasimama ng'ambo ya uzio.

"Nani yule?" nikamuuliza.

"Shemeji yangu."

"Shemeji yupi?"

"Mdogo wake marehemu."

"Ahaa." Nikacheka kicheko kibovu. "Kumbe hukwenda mbali. Umefiwa na dada, ukamrithi mdogo."

"Usiseme hivyo."

"Amesema uko bafuni! Mwanaume unaoga nyumba ya shemeji yako, jioni, unaniandikia uko zizini!"

"Nilikuwa bafuni," alisema. "Namwogesha baba yao."

Akafungua uzio, akaingia, akakaa chini kwenye majani makavu kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Siku hiyo nilimsikia akisema maneno mengi kuliko mwaka mzima.

"Mzee amepotewa na kumbukumbu. Ilianza kidogo kidogo. Sasa hakumbuki kwamba binti yake alikufa. Kila jioni anamngoja arudi kazini. Asipomwona anatoka barabarani kumtafuta. Tukimwambia ukweli analia kama ndiyo kwanza anasikia, kesho yake amesahau, anauliza tena. Sasa utamzikia mtu mwanawe kila siku?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikifika mimi anatulia. Anasema, mkwe amekuja, basi na mwanangu yuko njiani. Namwogesha, namlisha. Namwambia mke wangu amechelewa kazini, anakusalimu. Analala."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Kila jioni unasema mke wako yuko hai."

Bi Mkubwa alipumua kwa nguvu nyuma yetu.

"Ndiyo maana hukuniambia," nikasema.

"Ningekwambiaje? Ningesema, mpenzi, tunaoana mwezi ujao, ila jioni nakuwa mume wa mwingine?"

Nilitaka kumkumbatia. Kusema kweli nilitaka. Lakini mikono haikunyanyuka, kwa sababu kulikuwa na neno lingine lililobaki.

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe nini?"

"Kimya, nimeona jeni zao. Madoa hakuwa kwenye joto. Pembemoja hakuwa kwenye joto. Uliwaona saa ngapi wakati jioni hukuwepo?"

Akauficha uso kwenye viganja.

"Asubuhi nikimkuta mmoja hana utulivu, mkia umechafuka, nasema huyu jana jioni alikuwa kwenye joto. Naandika hivyo."

"Unakisia."

"Nakisia."

"Kazi yangu ya miaka yote hii, wewe unakisia!"

"Nilidhani ng'ombe wawili watatu hawaharibu kitu. Nilichoka, mpenzi. Nilikuwa nakimbia kutoka kwa mzee mpaka hapa, nikifika giza limeshaingia."

"Ungesema tu! 'Jioni siwezi, tafuta mtu.' Maneno manne!"

"Ungeuliza kwa nini."

Kweli, ningeuliza.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Waondoe hao wachache. Sema walikuwa wagonjwa. Nani atajua?"

Niliinuka pale pale.

"Huyo mzee ukimdanganya, unamlaza usingizi. Kazi hii ukiitia uongo, kuna mfugaji huko ana ng'ombe mmoja tu, atampandisha siku tuliyomwambia sisi, mimba isishike, arudie, isishike, mwisho amuuze achinjwe. Nani atajua? Ng'ombe atajua."

Nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikamwandikia: "Kesho asubuhi naenda kwa Profesa. Ukitaka njoo. Usipotaka, usije."

Alikuja. Nilimkuta mlangoni kwa Profesa, amevaa shati safi, buti ameshika mkononi kama mtu anayeingia nyumba ya ibada. Tukaingia pamoja. Nilifungua mdomo kuanza, akaniwahi.

"Ni mimi, mama. Yeye hakujua."

Akaeleza yote ya ng'ombe. Habari za mzee hakuzigusa. Alisema tu, "Jioni sikuwa nakuwepo," akaishia hapo. Nikaona anaficha ile sehemu ambayo ingemsaidia, na hilo likaniudhi na kuniuma kwa pamoja.

Profesa alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Kwenye ng'ombe wangu hurudi," alisema. "Utahamia kwenye kukata majani. Ukipenda. Usipopenda, mlango ule pale."

"Napenda, mama."

"Na wewe mwanangu," akanigeukia, "unajua maana yake."

"Tunaanza upya."

"Ng'ombe wote, hatua zote. Hao wa asubuhi nao siwaamini tena. Kuhitimu mwaka huu sahau."

"Nimeshasahau, Prof."

Nje, kwenye ukumbi, nikavua pete ya uchumba. Sikumrushia. Nilimwekea tu kiganjani.

"Kaa nayo. Sijasema sitaki. Nimesema kaa nayo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Sina jibu, na sina nguvu ya kulitafuta."

Nikampigia fundi asiharakishe nguo. Nikampigia mama yangu, akauliza, "Amefanya nini?" Nikamwambia, "Amefanya jambo zuri kwa uongo." Mama akaguna, akasema, "Hilo nalo ndiyo la kuachana?" Nikamwambia hatujaachana. Akasema, "Sasa mko wapi?" Nikakata simu kwa kisingizio cha salio.

Basi nikawa mimi wa zizini. Asubuhi naangalia nani anampanda nani, mchana maabara, jioni narudi kwenye ile ndoo. Mgongo ukaniuma, ndoto zangu zikajaa mikia. Kimya alikuwa analeta majani kwa toroli, anamwaga kwenye hori, anasema "Habari za leo," nasema "Nzuri," anaondoka. Siku nyingine aliacha chupa ya chai juu ya uzio. Nilikuwa nainywa, lakini nashukuru nikiwa peke yangu.

Na nilianza kuelewa jinsi jioni inavyochosha. Nisimwongopee mtu: kuna siku nilitamani na mimi niandike tu na kwenda kulala.

Jioni moja mwanamke mwembamba alisimama kwenye uzio, mkoba begani, kanga imefungwa ovyo kiunoni. Alipofungua mdomo tu niliijua sauti.

"Shikamoo dada. Mimi ndiye yule wa bafuni."

Nikajikuta nimecheka. Naye akacheka, halafu machozi yakamtoka kwenye kicheko hicho hicho.

"Sikuja kumwombea," alisema. "Mwenyewe hajui kama nimekuja. Nimekuja kwa sababu mimi ndiye niliyepokea simu ile, na tangu siku hiyo amekuwa kama mtu aliyefiwa tena. Nilishamwambia, shemeji, acha kuja, kaoe, uishi. Akaacha. Baba akakataa kula. Tulimkuta barabarani, viatu mkononi, anasimamisha magari anamwulizia dada yangu. Nikamwita mwenyewe arudi. Kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa, na mimi nimo."

"Sikumlaumu kwa kumwuguza baba yako."

"Najua. Ni hao ng'ombe." Akawatazama kama anawatafutia kosa. "Ila njoo siku moja uone. Ukishaona, amua unavyotaka."

"Siwezi kuacha zizi."

"Nenda," ilisema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Profesa, ameshika mwavuli na gazeti. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akaivuta ile ndoo, akakaa, akakunja sketi yake vizuri magotini.

"Nimeangalia ng'ombe kabla hujazaliwa. Nenda, kabla sijabadili mawazo."

Nyumba ya mzee ilikuwa ya vyumba vitatu, sakafu imesuguliwa, dawa zimepangwa juu ya televisheni. Kimya alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mzee, anamfunga vifungo vya shati. Aliponiona, vidole vikasimama.

Mzee akainua kichwa. Alikuwa na uso mzuri, ndevu nyeupe zimechanwa, na macho makali.

"Huyu mwanamke ni nani?"

Kimya akashika kifungo kingine.

"Mkwe, nakuuliza. Umeleta mwanamke kwenye nyumba yangu, binti yangu yuko kazini. Mke wako anajua?"

"Baba..." shemeji alianza.

"Wewe nyamaza! Nimemwuliza yeye. Mke wako anajua?"

Mzee akalisukuma bakuli la supu, likamwagika mezani.

"Sili. Mpaka mwanangu arudi, anieleze."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu mkononi, na mavi ya ng'ombe yamekauka kwenye pindo la suruali. Mimi niliyekwenda kumkamata mtu na mwanamke mwingine, leo mwanamke mwingine ni mimi. Ningeweza kugeuka niondoke. Nilifikiria kufanya hivyo. Lakini nilimtazama yule mzee, amemkasirikia mkwe wake kwa ajili ya heshima ya mtu aliye kaburini, nikaona kama baba yangu angenipigania hivyo walau mara moja, nisingevumilia miaka yote ile kwenye ndoa yangu ya kwanza.

Nikaweka viatu chini. Nikasogea, nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu, hasira haijaisha.

"Mimi nafanya kazi na binti yako. Amenituma. Kazi imekuwa nyingi leo, amesema msimngoje. Amesema ukikataa kula, nikirudi nimwambie."

Akanitazama kwa muda mrefu.

"Amekutuma?"

"Amenituma, baba."

"Amesemaje hasa?"

"Amesema, 'Baba yangu ni mkaidi, lakini ukimsihi atakula.'"

Mzee akacheka. Jino moja lilionekana.

"Ni yeye huyo. Mkaidi mwenyewe! Haya, leteni supu."

Kimya alisimama ghafla akatoka nje. Mzee nilimlisha mimi. Alikula kidogo kidogo, ananiuliza kama kazini kwao kuna baridi, kama bosi ni mkali. Nikamjibu yote.

Nilipotoka, Kimya alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Hukupaswa kufanya vile," alisema.

"Najua."

"Wewe hupendi uongo."

"Siupendi. Na nitausema kesho tena." Nilikaa kizingitini. "Sikiliza. Huu wa mzee nitaubeba na wewe, kwa sababu peke yako umekulemea na umeanza kuumwaga kila mahali. Wa kwangu mimi na wewe, hapana. Ukichoka, sema umechoka. Ukishindwa, sema umeshindwa. Usiniletee tena joto ambalo hukuliona."

"Sitakuletea."

"Sema kwa sauti, wewe si ng'ombe."

"Sitakuletea tena," alisema, kisha akakaa kando yangu. Pete alikuwa nayo mfukoni. Aliitoa na vipande vya majani makavu. Nikanyoosha mkono, akanivisha.

Mwaka uliofuata tulimaliza sampuli. Madoa aliingia kwenye joto mbele ya macho yangu mwenyewe, anasimama ametulia huku Pembemoja amempanda, ute unang'aa mkiani. Nilipochukua kipande, chombo kilipita bila kugoma. Na jeni zake zikaamka zile zile zilizotakiwa kuamka. Profesa aliangalia kompyuta, akavua miwani, akasema, "Haya. Sasa nastaafu." Hakustaafu, lakini alisema.

Ndoa tulifunga mchana, watu wachache, chakula kidogo. Shemeji alikuwa msimamizi wangu, na waliotaka kunong'ona walinong'ona. Jua lilipoanza kulegea tukawaaga wageni, tukaenda kwa mzee na nguo zile zile. Kimya akajifunga taulo juu ya suti, akachukua bakuli na kijiko.

Mzee alinitazama juu mpaka chini.

"Leo umependeza. Unatoka wapi?"

"Harusini, baba."

"Nani kaolewa?"

"Mimi."

"Ooh! Hongera, mwanangu, hongera sana." Alinishika mkono, akautikisa. Halafu akatazama huku na huku chumbani. "Na mume wako yuko wapi?"

Kijiko cha Kimya kilisimama hewani.

"Yuko kazini, baba," nikasema. "Jioni huwa ana kazi."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua mdomo, akapokea supu, akameza taratibu.

"Basi mtu mwema huyo," alisema. "Akirudi mwambie apumzike."

"Nitamwambia, baba."

Kimya aliinamisha kichwa, akakoroga supu iliyokuwa imeshapoa, akamchotea mzee kijiko kingine.